Ada ya Kuuliza

Kitu kikiulizwa sifa yake, jibu huweza kupatikana kwa njia mbili. Huenda limekwisha kuwekwa ndani ya kitu chenyewe, kama tarakimu iliyoandikwa daftarini, na muulizaji akaja akaichukua tu. Au huenda halipo popote mpaka swali liulizwe. Hapo ndipo linapotengenezwa, likatolewa, na pengine likasahauliwa papo hapo. Kwa anayesimama nje, majibu hayo mawili hayana tofauti. Kwa ndani yanatofautiana kwa muda yanaochukua, kwa kiasi yanavyoweza kuaminiwa, na kwa maana hasa ya kusema kwamba kitu "kina" sifa.

Suala hili lina ukoo mrefu. Wamutazila, wanazuoni wa Kiislamu walioanzia Basra katika karne ya 8, walikataa kwamba elimu ya Mungu ni kitu cha ziada juu ya dhati yake, yaani kiini chake: anajua kwa dhati yake, basi. Abul Hasan al-Ashari, aliyefariki mwaka 936, alizithibitisha sifa, akasema si dhati yenyewe wala si kitu kingine kilicho mbali nayo. Waislamu wa pwani ya kusini ya Kenya, ambao wengi wao ni Mashafii, wamelelewa katika mkondo huo wa Ashari. Mjadala ule ulimhusu Muumba, na si adabu kumpima Muumba kwa mashine. Lakini zana za fikra zilizochongwa pale, yaani dhati, sifa, ada (desturi) na tasalsul (mfuatano usio na mwanzo), zinafaa pia kwa vitu vidogo zaidi, kama mti, au rekodi ya mti ndani ya kompyuta.

Mikoko ya ghuba ya Gazi, kusini mwa Diani, inalionyesha jambo lenyewe kwa karibu. Tangu mwaka 2013, hekta 117 za mikoko ya hapo zimekuwa chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni huuza kupitia mradi huo takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, kwa viwango vya Plan Vivo, na mapato yamesaidia maji na shule. Kinachouzwa ni kaboni. Kinachopimwa ni kingine. Mpimaji huingia topeni maji yakiwa yamekupwa, futi mkononi. Akifika kwenye mchu, huizungusha futi shinani kwa kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Akifika kwenye mkoko wenyewe, ambao mizizi yake husimama juu ya tope kama miguu ya kaa, kimo hicho hakimfai, kwa sababu hapo pengine bado ni mizizi mitupu. Hutafuta mzizi wa juu kabisa unapoingilia shina, huhesabu sentimita 30 juu yake, na hapo ndipo hupima. Mwenzake aliyesimama pembeni na karatasi huandika aina ya mti, unene, na pengine urefu. Neno kaboni halimo katika mstari huo.

Kaboni huja baadaye. Unene hutiwa katika mlinganyo uliopatikana kwa kukata, kukausha na kupima mizani miti michache ya aina ileile. Mlinganyo hutoa uzito mkavu; karibu nusu ya uzito huo ni kaboni; na kilo za kaboni zikizidishwa kwa 3.67 hivi hupatikana kilo za kaboni dayoksaidi, kipimo kinachotajwa sokoni. Je, mti una kaboni? Unayo, hilo halina ubishi. Je, una kilo 61.3 hasa, kama ripoti inavyodai? Hapo jibu linalegea. Mti haukuandikwa kilo 61.3 popote, umeulizwa kwa njia fulani, na kwa njia hiyo umejibu 61.3.

Shina hilohilo akiulizwa mkata miti wa zamani, angejibu kwa lugha nyingine kabisa. Biashara ya miti ya mikoko ina madaraja yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na banaa. Boriti huanzia sentimita 11.5 hivi na kuishia karibu na 14. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ulifuata urefu wa boriti, na majahazi yaliibeba mpaka Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Kuwa boriti ni sifa ya mti, lakini mti haukuota na daraja lake. Ulipita pau, ukapita mazio, ukaingia boriti bila chochote kugeuka ndani yake siku ya kuvuka mpaka. Daraja liko katika swali la fundi wa dari.

Katika lugha ya programu, mti kama huo huitwa kitu, na aina, unene, kaboni na daraja huitwa sifa zake; wengine huziita nyuga. Katika lugha kama C, sifa ni mahali, hakuna zaidi. Rekodi ya mti inaanzia kwenye anwani fulani ya memori, na unene umekaa, tuseme, baiti 8 mbele ya mwanzo huo. Kompaila inalijua hilo kabla programu haijaanza kwenda. Kuusoma unene basi ni agizo moja la prosesa: shika anwani, ongeza 8, chukua kilichopo. Hakuna anayeulizwa, hakuna hodi.

Wepesi huo una gharama yake, na hudaiwa siku mambo yanapobadilika. Chukua programu ya kubuni tu, ya kutunza rekodi za miti 100,000, ambayo mwandishi wake aliiweka kaboni kama tarakimu ndani ya kila rekodi. Mtafiti akileta mlinganyo bora wa aina ya mkandaa, kila mkandaa uliomo humo unasema uongo mpaka rekodi zote zipitiwe upya. Mtu akisahihisha unene uliokosewa na akasahau kusahihisha kaboni, rekodi moja inabeba habari mbili zinazokanushana. Mwandishi akiamua kwamba kaboni isihifadhiwe, ikokotolewe kila inapoulizwa, uongo huo hauwezi kutokea, lakini kila sehemu ya programu iliyozoea kuinyakua tarakimu moja kwa moja inavunjika.

Bertrand Meyer, Mfaransa aliyebuni lugha ya Eiffel mwaka 1985, alilitatua hili kwa kanuni inayoonekana ndogo: anayeuliza asilazimike kujua kama jibu limehifadhiwa au limekokotolewa, sura ya swali iwe moja. Lugha ya Python ilileta jambo hilohilo kwa watu wengi zaidi toleo lake la 2.2 lilipotoka mwaka 2001, kwa kile kinachoitwa property. Mwandishi huendelea kuandika mti.kaboni kana kwamba anachukua tarakimu, kumbe nyuma yake kuna methodi inayofanya hesabu. Kabla ya hao, Smalltalk ya Alan Kay na wenzake, iliyozaliwa Xerox PARC katika miaka ya 1970, ilikuwa imekwenda mbali zaidi: kutoka nje hakuna kabisa kugusa kilichomo ndani ya kitu, kuna kutuma ujumbe na kungoja jibu.

Kwa msomaji wa pwani wazo hilo si geni. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba za wengine kabla ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na mafunzo ya Mtume yameweka hodi tatu. Zisipojibiwa, mtu anarudi. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa kanuni hiyo. Mgeni hupokewa barazani, na kilichomo ndani humfikia kwa mkono wa mwenyeji. Mgeni akiletewa maji ya kunywa, hajui kama yametoka mtungini au mtoto ametumwa kisimani sasa hivi, na akiuliza atakuwa amekosa adabu.

Lakini hodi ina muda wake, na hapo ndipo wabunifu wa lugha wanapogawanyika. Tuseme kuisoma sifa moja kwa moja kunachukua nanosekunde 30, na kuisoma kupitia mlinzi, yaani methodi inayolipokea swali mlangoni, aliyeandikwa kwa lugha hiyohiyo kunachukua 300. Miti 100,000 ikiulizwa maswali kumi kila mmoja, tofauti ni kati ya sekunde 0.03 na sekunde 0.3, na hakuna binadamu ambaye chai yake itapoa kwa hiyo. Maswali yakifika bilioni moja, na katika kazi za kulinganisha na kupanga hufika, nusu dakika inakuwa dakika tano. Malumbano mengi juu ya wepesi huanzia kwa watu ambao programu zao haziulizi hata maswali elfu, na wanaoogopa mlinzi kama wanavyoogopa mzimu ambao hawajauona. Anayeuliza mara bilioni ana haki ya kulalamika.

Gharama hutegemea zaidi mlinzi amewekwa wapi. Python inatoa nafasi tatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko majina yao yanavyoonyesha. Anayeandika __getattribute__ ameweka mlinzi kwenye kila swali: unene, aina, kaboni, hata sifa ambazo mlinzi hana neno juu yake, zote hupita kwake. Anayeandika __getattr__ ameweka mlinzi anayeamshwa tu sifa ikikosekana mahali pa kawaida. Anayeuliza sifa iliyopo hapotezi chochote. Anayetumia property ameweka mlinzi kwenye mlango mmoja wenye jina. Lugha ya Lua, iliyobuniwa Rio de Janeiro mwaka 1993, ilichagua nafasi ya pili kwa njia yake inayoitwa __index, ambayo huulizwa tu jedwali lisipokuwa na jibu. Anayetaka kukamata kila swali katika Lua hulazimika kutumia hila: jedwali tupu huwekwa mbele na hazina hufichwa nyuma, ili kila kitu kikosekane na mlinzi aamshwe kila mara. Ni baraza isiyo na kiti.

Uchaguzi huo wa mahali pa kumweka mlinzi unaonekana kwa macho katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na ufuo wa Diani, wa hekta 30 hivi, uliotangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 1992 na kuingizwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni hafiki huko peke yake. Hupokewa langoni, hulipa ada, hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa asibusu mtu mle ndani wala asitoke na kitu, hata kijiti kikavu, kisha hutembea na mwongozaji. Baada ya hapo anaweza kulikumbatia shina kubwa bila kuomba ruhusa mti kwa mti. Swali limeulizwa mara moja, langoni. Katika mila za Kimijikenda kuna pia fingo, kinga iliyozikwa ardhini ambayo mtu mwema huishi na kufa bila kushughulika nayo. Ni mvunja miko tu ndiye anayeaminika kukutana na nguvu zake. Kwa muda wa mtembeaji, lango hugharimu dakika chache kwa ziara nzima, na fingo haimgharimu kitu asiye na kosa. Wazee wangeweka mlinzi kwenye kila mti, msitu ungelindwa pengine zaidi kidogo, na hakuna ambaye angeumaliza.

Hata hivyo hesabu ya milango na walinzi haielezi kwa nini mlinzi wa kompyuta ni ghali. Mlinzi mwenyewe, akiwa mfupi, ni maagizo machache tu. Katika Java, methodi ndogo inayorudisha unene huishia kutogharimu chochote: mashine ya HotSpot, iliyotoka mwaka 1999, ikiona inaitwa sana, huuchukua mwili wa methodi na kuupachika pale panapouliza, na hodi inafutika. Ghali ni kutojua. Lugha inayoruhusu sifa yoyote ikamatwe wakati wowote na mlinzi yeyote inamwambia mtekelezaji kwamba hawezi kudhani lolote. Unene uliokuwa tarakimu sekunde iliyopita huenda sasa ni methodi. Aina ya kitu huenda imebadilishwa programu ikienda. Hata mahali pa kutafutia si pa hakika. Kwa hiyo kila swali huanza upya: tazama aina ya kitu, tafuta katika aina yake na wazazi wa aina hiyo kama kuna mwenye mamlaka juu ya jina hili, kisha tazama ndani ya kitu, kisha rudi kwenye aina, na mwisho mwamshe mlinzi wa kukosekana. Huo ndio mpangilio wa Python, na hufuatwa hata kwa mti ambao hakuna aliyewahi kuuwekea mlinzi.

Ulimwengu wa namna hiyo Abu Hamid al-Ghazali angeutambua. Katika Tahafut al-Falasifa, aliyoiandika karibu mwaka 1095, mas'ala ya 17, alichukua pamba na moto. Wanafalsafa walisema moto huunguza kwa tabia yake. Yeye akasema macho yameona tu kuungua kunakotokea pamba inapokutana na moto. Hayajaona moto ukifanya. Anayeunguza ni Mungu, kila mara, na angetaka pamba isiungue, isingeungua. Vitu havina majibu ya kwao. Kila jibu huumbwa linapotakiwa. Hiyo ni lugha ambayo kila sifa ndani yake hupita kwa mlinzi, na mlinzi ana hiari.

Pingamizi ni rahisi kulikisia, na Ghazali mwenyewe alilitangulia. Kama hakuna kinachofuata kwa lazima, mtu aliyeacha kitabu nyumbani anajuaje kwamba hakikugeuka farasi? Jibu lake lilikuwa ada. Mungu anaendesha mambo kwa desturi isiyokatika, na ameumba ndani ya watu elimu kwamba yale yanayowezekana hayatatokea. Desturi si lazima. Ila inatosha kuishi nayo, na muujiza ni siku desturi inapovunjwa. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1198, hakuridhika. Kwake, kitu kisicho na tabia maalumu hakina dhati wala jina linalokipasa, na kuondoa sababu ni kuiondoa akili yenyewe. Waandishi wa kompaila za C wangempigia makofi.

Wabunifu wa lugha zenye walinzi, kwa upande wao, walifika kwenye ada bila kumsoma Ghazali. Mwaka 1984 Peter Deutsch na Allan Schiffman, wakiiharakisha Smalltalk-80, waliona kwamba mahali pamoja katika programu huulizwa karibu kila mara vitu vya aina ileile. Wakaacha pale penye swali akiba ndogo: mara ya mwisho aliyefika hapa alikuwa wa aina hii, na jibu lilipatikana pale. Swali linapokuja tena, mashine haianzi kutafuta. Hutazama jambo moja tu, kama aina ni ileile, na ikiwa ndiyo hukimbilia jibu. Miaka michache baadaye watu wa lugha ya Self, David Ungar na wenzake, walivipa vitu vyenye umbo moja ramani moja ya pamoja, ili "unene uko hapa" liwe neno linaloweza kukumbukwa hata katika lugha isiyotangaza maumbo. Mwaka 1991 Urs Hölzle, Craig Chambers na Ungar wakairuhusu akiba ikumbuke maumbo kadhaa badala ya moja. Mbinu hizo zilihamia katika V8, injini ya JavaScript iliyotoka na kivinjari cha Chrome mwaka 2008, na tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022 Python nayo huandika upya maagizo yake ya kusoma sifa kulingana na ilichokiona.

Hakuna kati ya mashine hizo inayoamini kwamba kitu kina tabia ya kudumu. Zote zinakubali kwamba mlinzi anaweza kuwekwa kesho, kwamba jibu linaweza kugeuka. Zinachofanya ni kudhani desturi itaendelea, na kuacha kipimo kidogo mlangoni cha kuhakiki dhana. Dhana ikivunjika, mashine huyatupa maagizo iliyoyaandika kwa haraka na kurudi kwenye njia ndefu, kazi ambayo watu wa Self waliieleza mwaka 1992 na ambayo HotSpot iliirithi. Muujiza unaruhusiwa, ila siku unapotokea, kazi yote inasimama kidogo.

Kiswahili kimelibeba neno hilo la Kiarabu katika maana mbili kwa pamoja. Ada ni desturi, na ada ni malipo ya desturi, kama yale ya langoni Kinondo. Ni nadra lugha kumrahisishia mtu kazi kiasi hiki, kwa kuwa maana zote mbili ndizo zinazopimana hapa: ada ya kuuliza hupungua kadiri ada ya majibu inavyotulia. Hiyo inaeleza jambo linalowashangaza wanaoanza. Mlinzi yuleyule, mwenye maagizo yaleyale, anaweza kuwa nafuu katika programu moja na ghali katika nyingine. Akiwekwa siku aina ya mti inapobuniwa, na asiguswe tena, yeye mwenyewe huwa sehemu ya desturi, na mashine humkumbuka kama inavyokumbuka mahali pa tarakimu. Akiondolewa na kurudishwa, au miti ikipewa kila mmoja sifa zake kwa mpangilio wake, desturi haipatikani. V8 huvumilia maumbo manne mahali pamoja. Yakizidi, huacha kukumbuka pale na kwenda kutafuta katika akiba ya jumla.

Kuna mlinzi mmoja ambaye haingii vizuri katika hesabu hii, naye ni Proxy ya JavaScript, iliyoingia katika lugha hiyo mwaka 2015. Huyu ni wakala kamili: kitu kinachosimama mbele ya kitu kingine na kupokea kwa niaba yake kusomwa, kuandikwa, hata kuulizwa kama sifa ipo. Angeweza kusema chochote. Lakini lugha imemwekea mpaka mmoja wa ajabu: sifa iliyokwisha kutangazwa kwamba haiwezi kubadilishwa kamwe, wakala hana ruhusa ya kuisemea uongo. Akijibu tofauti na iliyo ndani, programu husimamishwa kwa kosa. Ili kulisimamia hilo, jibu lake hulinganishwa na kilichomo, na uhakiki huo nao una muda wake. Hapa lugha ya walinzi inamkubalia Ibn Rushd shingo upande: ziko sifa ambazo kitu kinazo kwa kweli, na hata mlinzi mwenye hiari hazigusi.

Njia nyingine ni kuuliza mapema zaidi. Mwaka 1991 Gregor Kiczales, Jim des Rivières na Daniel Bobrow walitoa The Art of the Metaobject Protocol, kitabu kilichofungua mitambo ya ndani ya mfumo wa vitu wa Common Lisp ili mwandishi aweze kubadilisha hata maana ya kusoma sifa. Upo ndani yake mlango wa kila swali, kama ule wa __getattribute__. Lakini sehemu yake yenye busara zaidi ni ile inayohamisha maswali kwenda wakati wa kubuni aina: sifa zihifadhiwe wapi, kwa mpangilio gani, nani amerithi nini. Yanajibiwa mara moja aina inapokamilishwa, na baada ya hapo usomaji wa kila siku hauna la kuuliza. Ni lango la Kinondo tena, safari hii likiwekwa kabla hata mgeni hajazaliwa. Asiyeandika mlinzi wake mwenyewe, mfumo unaweza kumpitishia njia ya mkato, kwa kuwa unajua desturi haijaguswa.

Linabaki kosa ambalo karibu kila anayeandika mlinzi wa maswali yote hulifanya mara ya kwanza. Anaandika methodi ya kukamata kila usomaji wa sifa za mti, na ndani ya methodi hiyo anataka kusoma unene wa mti uleule ili akokotoe kaboni. Kuusoma unene ni kusoma sifa. Kusoma sifa kunamwita mlinzi. Mlinzi anataka unene. Mlinzi anapiga hodi kwenye mlango anaoulinda mwenyewe, na anayekuja kumfungulia ni yeye. Python huivumilia hali hiyo mpaka miito ifike 1,000 hivi, kiwango chake cha kawaida, kisha huikata programu. Wanazuoni wa tauhidi waliuita mfuatano wa namna hiyo tasalsul, wakaukataa katika mambo ya asili ya ulimwengu: jambo linalongoja jambo linalongoja jambo, bila la kwanza, halitokei kabisa.

Dawa yake katika lugha zote ni moja. Lazima pawe na usomaji mmoja usiolindwa. Katika Python mlinzi huacha kuuliza kwa jina lake na kwenda kwa object.__getattribute__, methodi ya asili iliyo chini ya aina zote. Katika Lua kuna rawget, inayoingia jedwalini bila kumpitia mtu. Na waandishi wa mfumo wa Lisp walilazimika kupanga kwa uangalifu ni vitu gani vya ndani vitakavyosomwa moja kwa moja ili mitambo ya kusoma isijisubiri yenyewe. Mtu anaweza kujenga walinzi juu ya walinzi, kaboni juu ya uzito mkavu, uzito juu ya mlinganyo, mlinganyo juu ya unene, na kila tabaka likahifadhi jibu lake na kulifuta pale la chini yake linapobadilika. Chini ya yote pana unene, nao hauna wa kumuuliza: ni futi iliyozungushwa kwenye gome lenye tope, sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, maji ya Gazi yakiwa bado hayajarudi.